Mtihani Upime Ulimi, Usipime Pasipoti

Mfanyakazi aliyekwenda Uingereza kwa halali, akatumika na kulipa kodi kwa miaka, hufikia siku ya kuomba haki ya ukaazi wa kudumu. Siku hiyo huulizwa: Je, wajua Kiingereza?

Swali hilo si baya. Tangu tarehe 28 Oktoba 2013, mwombaji mwenye umri wa miaka 18 hadi 64 ametakiwa kufaulu mtihani wa habari za nchi hiyo, na kuonyesha kuwa anajua kusema na kusikia Kiingereza kwa kiwango cha B1. Mwezi wa Mei 2025 Serikali ya huko ilitangaza nia ya kukipandisha hadi B2. Asiyejua lugha ya mahali anapofanya kazi huwa windo la mwajiri mbaya: hutia saini asichokielewa, na akidhulumiwa hana kinywa cha kujitetea. Kwa hiyo hatupingi lugha kupimwa.

Tunalolipinga ni mizani mbili. Sheria hiyo ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawapimwi. Mtu wa Marekani, Jamaika au Malta huonyesha pasipoti, yakaisha. Na Malta ina lugha yake yenyewe, Kimalta. Kenya haimo, ingawa Katiba yake ya 2010 imekifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Tanzania haimo, ingawa vijana wetu husoma masomo ya sekondari kwa Kiingereza. Hata mwenye shahada aliyoisomea hapa kwa lugha hiyo hana budi kulipa ili ithibitishwe kwanza.

Historia inatuonya. Sheria ya Australia ya 1901 ilimruhusu ofisa kumpa mgeni imla ya maneno 50 kwa lugha ya Ulaya aliyoipenda ofisa mwenyewe, shabaha ikiwa kuwazuia wasio Wazungu. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, aliyejua lugha kadhaa za Ulaya, alipewa imla ya Kigaeli cha Uskoti kwa kuwa siasa yake haikupendwa. Mahakama Kuu ilimpa haki, lakini mtihani wenyewe haukufutwa hadi 1958. Mtihani wa leo si kama ule. Lakini kipimo cho chote kinachotazama uzawa kabla ya ulimi kimekwisha kupinda.

Kwa ndugu zetu walioko huko twasema: jifunzeni bila haya. Ulizeni kwanza kama shahada yenu, au mtihani mliokwisha kuufaulu, unatosha, msije mkalipa mara mbili. Mkifanya mtihani, fanyeni katika kituo kilichokubaliwa na Serikali ya huko. Cheti cha kununua vichochoroni ni kitanzi. Humponza mnunuzi, muuzaji akala fedha.

Kwa Uingereza twasema: apimwe kila mtu kwa mizani moja, au asamehewe kila aliyesomea kwa Kiingereza, popote alipozaliwa. Hiyo ndiyo haki, na hatuombi upendeleo.