Anayetoka seminari hajaasi

Kila mwaka, Jumapili ya nne ya kipindi cha Pasaka, Wakatoliki kote ulimwenguni huombea miito ya upadri na utawa. Desturi hiyo ilianzishwa na Papa Paulo VI mwaka wa 1964. Siku hiyo watawa wa mashirika mbalimbali huzuru parokia zetu, wakasimama mbele ya waumini na kueleza kazi zao, na vijana walio shuleni wakahimizwa kutega sikio. Ni desturi njema. Hata hivyo, kuna kundi moja ambalo aghalabu halitajwi siku hiyo. Hao ni vijana walioitwa wakaitika, wakaingia seminari au nyumba ya malezi, wakakaa humo mwaka mmodi au minane, kisha wakatoka. Makala haya yanawahusu.

Suala hili si dogo, kwa kuwa Afrika sasa ndiyo inayobeba matumaini ya Kanisa hilo. Takwimu zilizotolewa na Vatikani zinaonyesha kwamba idadi ya waseminari duniani ilishuka kutoka 108,481 mwaka wa 2022 hadi 106,495 mwaka wa 2023. Katika kipindi hicho hicho Afrika ilipanda kutoka 34,541 hadi 34,924, nayo ndiyo sehemu pekee ya dunia iliyoongezeka. Masista nao walipungua duniani kutoka 599,228 hadi 589,423, ilhali barani mwetu waliongezeka. Bara lililokuwa likipokea wamisionari leo linawatuma. Hapana budi tujivunie jambo hilo. Lakini fahari ya idadi ina hatari yake: anayehesabu wanaoingia huwa mwepesi wa kuwasahau wanaotoka, au, vibaya zaidi, wa kuwatazama kama hasara.

Mimi ni mtu wa lugha, kwa hiyo nitaanzia kwenye neno. Seminari ni neno lenye asili ya Kilatini, na maana yake ya awali ni kitalu, mahali pa kuoteshea miche. Mtaguso wa Trento ulipoagiza mwaka wa 1563 kwamba kila jimbo liwe na seminari, ulichagua jina hilo kwa makusudi. Basi na tumuulize mkulima yeyote wa Kirinyaga au Kakamega: kitalu ni cha nini? Atajibu kwamba ni mahali pa kuutunza mche na kuuchunguza kabla haujapelekwa shambani. Hakuna mkulima anayetarajia kila mche uende shamba moja, wala anayeuita msaliti ule uliopandwa kando ya nyumba badala ya kondeni.

Sheria ya Kanisa lenyewe inaafikiana na mkulima huyo. Katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka wa 1983, kanuni ya 1026 inadai kwamba anayepewa daraja awe na uhuru ufaao, na inakataza mtu kulazimishwa kulipokea kwa njia yoyote au kwa sababu yoyote. Muda wa malezi nao umewekwa mrefu kwa hekima hiyo hiyo. Hapewi mtu upadri kabla hajatimiza miaka 25, na baina ya ushemasi na upadri sharti ipite miezi sita. Kwa upande wa utawa, unovisi hudumu si chini ya miezi 12. Baada yake huja nadhiri za muda, ambazo kwa kawaida huchukua miaka mitatu hadi sita, ndipo mtu aruhusiwe kuweka za daima. Muda wa nadhiri hizo unapokwisha, mtawa ana hiari ya kuondoka. Kwa hakika miaka hiyo yote ni swali refu linaloulizwa pande mbili, na swali la kweli ni lile linaloweza kujibiwa ndiyo au la.

Sisi watu wa nje ndio tulioligeuza swali kuwa amri. Sikilizeni lugha tunayoitumia. Kijana akiingia, husemwa ameitwa. Akipata daraja, husemwa amepadirishwa. Na akitoka? Hapo msamiati wetu unakuwa mkali ghafla: ameshindwa, ameacha wito, amefukuzwa. Mwenye huruma atasema ameponyokwa. Sijapata kusikia katika mazungumzo ya kawaida neno moja la heshima la kumtaja mtu aliyeingia kwa nia njema, akajichunguza kwa uaminifu, akagundua kwamba njia yake ni nyingine. Lugha inapokosa jina la jambo, mara nyingi ni kwa sababu jamii haijalipa jambo hilo nafasi. Kijana huyo anarudi nyumbani na kukuta hana hata neno la kujitambulisha nalo.

Haikuwa hivi daima. Wamisionari wa Consolata walipofika nchini mwaka wa 1902, na wale wa Mill Hill mwaka uliofuata, walikuta jamii ambazo kwazo mtu mzima asiye na mke wala mtoto alikuwa kitendawili. Tazama mfano wa Maurice Otunga. Alizaliwa mwaka wa 1923, mwana wa Chifu Sudi Namachanja, mzee mwenye wake wengi na jina kubwa katika Bungoma. Mwana huyo akachagua njia isiyokuwa na kiti cha kurithi wala watoto wa kumrithi. Alipadirishwa mwaka wa 1950, akawa kardinali wa kwanza wa Kenya mwaka wa 1973, na alipostaafu mwaka wa 1997 akaenda kuishi Nairobi katika nyumba ya wazee inayotunzwa na masista, miongoni mwa wazee maskini, hadi alipofariki mwaka wa 2003. Katika kizazi chake, shinikizo la ukoo lilimvuta kijana atoke. Aliyebaki alibaki kwa sababu ya uthabiti wa nia yake mwenyewe.

Leo kamba inavutwa upande wa pili. Padri katika familia ni heshima, na sista ni fahari ya kijiji. Kabla ya upadirisho kamati huundwa, michango hukusanywa, hema hukodishwa, na ng'ombe huchinjwa. Hakuna ubaya katika shangwe hiyo, ila tufikirie hali ya shemasi ambaye, mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe, moyo wake unamwambia asubiri. Atamwambia nani? Mama yake amekwisha kushona kitenge cha sare na akina mama wa jumuiya ndogo ndogo. Kadi zimekwisha kusambazwa. Kanuni ya 1026 inamlinda asilazimishwe na askofu, lakini nani atamlinda na hema?

Aidha, tusijifanye hatujui kwamba elimu ya juu ni ghali na ajira ni haba. Seminari na mashirika hutoa masomo, malazi na mustakabali wenye mpangilio. Sisemi kwamba vijana wetu huingia kwa ajili ya tumbo. Wengi huingia kwa imani, na sababu za binadamu huwa zimefumana kama nyuzi za mkeka. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo njia nyingine ni chache, kutoka kunahitaji ujasiri mkubwa zaidi kuliko kuingia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mmoja darasani, mkubwa kwa umri kuliko wenzake, hodari wa sarufi na mwandishi wa insha zilizopangika vyema. Katika karatasi ya maelezo yake palikuwa na pengo la miaka sita. Nilipomuuliza kwa upole, aliinamisha kichwa akasema, "Mwalimu, miaka hiyo ilipotea." Baadaye ndipo alipoeleza kwamba alikuwa seminari, akahitimu falsafa, kisha akatoka kwa hiari baada ya kushauriana na mlezi wake. Nyumbani baba yake hakumsemesha kwa muda wa mwaka mzima. Miaka iliyomfunza Kilatini, nidhamu ya kusoma na kutunza wagonjwa aliiita miaka iliyopotea, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa kuiita. Leo ni mwalimu wa sekondari, na wanafunzi wake wana bahati.

Hakuwa wa pekee. Benjamin Mkapa na John Magufuli, marais wawili wa Tanzania, walipitia seminari ndogo katika ujana wao, mmoja Kigonsera na mwingine Katoke. Hakuna anayesema kwamba miaka yao hiyo ilipotea. Je, mpaka mtu awe rais ndipo tumsamehe kwa kutoka?

Kwa masista jambo hili ni zito zaidi. Kanuni ya 702 inasema kwamba anayeondoka katika shirika hawezi kudai malipo kwa kazi aliyoifanya humo. Lakini kanuni hiyo hiyo inalitaka shirika limtendee kwa haki na kwa upendo wa Injili. Sehemu ya kwanza iko wazi kama jua. Sehemu ya pili imeachiwa dhamiri. Mwanamke aliyefundisha au kuuguza kwa miaka 12 huenda akatoka akiwa hana akiba, hana nyumba, na umri wa kuanza upya umemwacha. Mashirika yanayomwandalia anayetoka nauli, cheti, ushauri na kianzio cha maisha yanaitii sheria yote. Ingefaa kila shirika liandike utaratibu huo mapema na kumweleza msichana siku anapoingia, wala lisingoje siku ya machozi.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wengine watasema kwamba tukiulainisha mlango wa kutokea, tutafundisha kizazi kisichoweza kutimiza ahadi. Pingamizi hili lina uzito, maana ahadi ikivunjwa kwa wepesi haina thamani, na siwatetei wanaozikimbia nadhiri za daima kwa kuchoshwa na sala. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kabla ya nadhiri za daima na daraja, mtu bado anatafuta. Kumzuia asitoke wakati huo hakumfanyi kuwa mwaminifu. Kunamfanya mfungwa, na mfungwa aliyevikwa kanzu ni hatari kwake yeye mwenyewe na kwa waumini atakaokabidhiwa. Uaminifu wa padri wa kesho unategemea uhuru wa mseminari wa leo.

Sasa niwageukie walimu wenzangu, kwa kuwa ni sisi tunaofuatwa kuandika barua za kuwapendekeza vijana hawa. Katika Biblia, mtoto Samweli aliposikia sauti usiku alimkimbilia Eli mara tatu. Eli hakumsifu papo hapo wala hakuwaita majirani washangilie. Alimwambia arudi akalale. Mara ya tatu ndipo alipotambua anayeita ni nani, akamfundisha namna ya kujibu. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu. Kijana akikujia na habari ya wito, msikilize, mwulize maswali, umpe muda. Na akirejea baada ya miaka minne, mpokee kwa swali jema: umejifunza nini? Swali la nani aliyekufukuza halimsaidii yeyote.

Nanyi wanafunzi mnaofikiria njia hii, msiogope kuingia kwa kuhofia kutoka. Kiswahili kinatuambia kwamba kutokana na kuita tunapata kuitika. Mtoto akiitwa na mama yake hujibu labeka, kisha husogea karibu ili asikie anatakiwa kufanya nini. Hajui bado kama ataagizwa kisimani, dukani au atabaki papo hapo jikoni. Kuitika kwake kumekamilika hata kabla ya kutumwa, na akitumwa dukani badala ya kisimani, hakuna anayesema kwamba hakuitika.

Jumapili ya miito itakapowadia tena, tuwaombee wanaoingia na wanaodumu. Kisha tuongeze ombi moja kwa ajili ya waliorudi, ambao pengine wameketi viti vya nyuma kabisa, wakiona haya kusogea mbele.