Nani Atamwajiri Mtaalamu wa Usemi wa Ahero?

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 111,000 wenye ugumu wa kuwasiliana. Hesabu hiyo ilianzia kwa waliotimiza miaka 5. Walio chini ya hapo, yaani watoto wa umri ule ambao lugha hujengeka kwa kasi zaidi kuliko wakati mwingine wowote maishani, hawakuulizwa. Mtoto wa miaka 4 anayeketi kimya katika chekechea mjini Ahero hana nafasi katika takwimu za namna hiyo, na huenda asionekane na serikali mpaka afike gredi ya kwanza, mwalimu amwite mbele asome, naye asitoe neno.

Ahero ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Kisumu hugawanyika hapo, moja ikashika njia ya Awasi na Kericho, nyingine ikaelekea Katito, Sondu na Kisii. Soko, mpunga wa nyanda za Kano na ajira za serikali huvuta watu kutoka pande hizo zote. Darasani Dholuo ndiyo lugha ya nyumbani ya wengi, lakini hutakosa Ekegusii, Kipsigis na Kiswahili cha watoto waliohamia na wazazi wao. Katika darasa la namna hiyo, lenye wanafunzi wengi na mwalimu mmoja, mtoto mwenye shida ya kuzungumza hupotea haraka sana, kwa sababu hasumbui. Swali basi ni hili: je, shule za mji kama huu zinahitaji mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha wa kwao, au yatosha awepo hospitalini Kisumu, wazazi wampelekee watoto?

Wanaotetea hospitali wana hoja. Wataalamu wenyewe ni wachache. Shahada ya kwanza ya fani hii Afrika Mashariki ilianzishwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008, jana tu ukilinganisha na uuguzi au ualimu. Shirika la The Yellow House la Kisumu limejitahidi kuziba pengo magharibi mwa Kenya, lakini shirika moja haliwezi kubeba kaunti nzima. Wachache hao wakikaa mahali pamoja, inasemekana, watawahudumia wengi.

Hesabu hiyo inamsahau mzazi. Kutoka Ahero hadi hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia, ni kama kilomita 25. Tiba ya usemi haifanani na sindano. Huenda kwa wiki na miezi, kidogo kidogo. Mama anayeuza mboga sokoni atapoteza siku ya biashara kila wiki, atalipa nauli ya watu wawili, na akirudi mara ya nne bila kusikia neno jipya, ataacha. Jirani atamwambia mtoto atasema tu wakati wake ukifika. Mwingine atanong'ona kwamba ni chira, mwiko umevunjwa mahali fulani katika ukoo. Mama huyo hajakosa upendo wala bidii; huduma ndiyo iliyowekwa mbali na maisha yake.

Tena nusu saa hospitalini ni kitu kidogo mno mbele ya siku tano za shule. Ukimtazama mtaalamu akifanya kazi vizuri utaona kwamba sehemu kubwa ya kazi yake haihitaji chumba cha tiba. Huanza na masikio: mtoto anayetokwa usaha sikioni mara kwa mara anaweza kuwa hasikii vizuri, na hakuna zoezi la ulimi litakalomsaidia kabla sikio halijatibiwa. Kisha huenda kwenye uji wa saa nne. Badala ya kumpa tu mtoto kikombe, mtaalamu hushika viwili mbele yake, kimoja cha uji na kingine cha maji, huuliza anataka kipi, halafu hunyamaza. Husubiri. Mtu mzima kwa kawaida huona subira hiyo ni ndefu kupita kiasi na kujibu kwa niaba ya mtoto. Mtaalamu huendelea kusubiri mpaka jicho ligeuke, mkono unyooke au sauti itoke, na hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa jibu. Mtoto asiyeweza kutamka hupewa ubao wa picha: choo, maji, naumwa, sitaki. Mwenye mtindio wa ubongo huketishwa wima, shingo ikiwa imeegemezwa vizuri, kwa sababu akilishwa amelala chali uji unaweza kuingia njia ya hewa na kumletea nimonia. Yote haya mwalimu na mama wanaweza kuyafanya kila siku, iwapo kuna mtu wa kuwaonyesha na kurudi kuangalia wanavyoendelea.

Kuna sababu nyingine ya kumtaka mtaalamu awe karibu, nayo ni lugha. Dholuo haina sauti za sh, z wala v. Mtoto wa Ahero anayesema "sule" na "sawadi" anaongea Kiswahili kwa sauti alizokuzwa nazo; hana kasoro yoyote, na kumpeleka kwa tiba ni kumwonea. Lakini yule ambaye hata Dholuo ya nyumbani hawezi kutamka s, akaita hadithi "thigana" badala ya sigana, huenda ana kithembe kweli. Tatizo la usemi hujitokeza katika lugha zote anazozungumza mtoto. Anayejua hilo hawezi kutegemea orodha ya maneno ya Kiingereza iliyotungwa Uingereza au Marekani. Watafiti waliofanya kazi Kilifi, pwani ya Kenya, akiwemo Katie Alcock wa Chuo Kikuu cha Lancaster, walithibitisha kuwa inawezekana kutengeneza kipimo cha lugha ya watoto wachanga kwa Kiswahili na Kigiriama, kwa kuwauliza wazazi, hata wasiojua kusoma. Watoto wa Kano wanastahili kazi ya namna hiyo kwa Dholuo.

Malaria nayo haiwezi kuachwa nje ya mjadala huu. Utafiti mwingine wa Kilifi, uliochapishwa 2005, uliwafuatilia watoto waliopona malaria kali na kukuta karibu robo yao wakiwa na udhaifu wa kudumu wa ubongo, ukiwemo wa usemi na lugha, ikilinganishwa na mmoja kati ya kumi kwa watoto wasiougua hivyo. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi zaidi nchini. Hospitali humruhusu mtoto aliyepona arudi nyumbani. Athari iliyobaki hugunduliwa darasani, ikiwa kuna wa kuigundua.

Basi kinachozuia ni nini? Zaidi ya uchache wa wataalamu, ni mpangilio wa serikali. Tume ya Kuajiri Walimu huajiri walimu, na mtaalamu wa usemi si mwalimu. Kaunti, tangu ugatuzi wa 2013, huajiri wahudumu wa afya, lakini shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mtaalamu anayetaka kukaa shuleni Ahero hana wa kumlipa: kwa kaunti anaonekana mtu wa elimu, kwa wizara ya elimu ni mtu wa afya. Mtoto hana habari ya mipaka hiyo.

Wapo wanaosema walimu wa mahitaji maalumu waliofunzwa na KISE, taasisi ya elimu maalumu, wanatosha. Walimu hao ni hazina, na bila wao mtaalamu hatafika popote. Ila kumtaka mwalimu mmoja atambue upungufu wa kusikia, usonji, kigugumizi na hatari ya kupaliwa, huku akifundisha, ni kumbebesha mzigo ambao hakufunzwa kuubeba. Hoja nzito zaidi ni ile ya uhaba: shule inakosa walimu wa hisabati, itamudu vipi mtaalamu wa usemi? Ni kweli shule moja haiwezi, na haifai kuulizwa.

Pendekezo linaloeleweka ni kwamba kaunti ya Kisumu iajiri mtaalamu mmoja kwa ajili ya kundi la shule za Ahero na jirani zake, akae katika kituo cha tathmini cha elimu, na siku nyingi za wiki awe madarasani. Vituo hivyo vipo nchini tangu 1984, vilipoanzishwa kwa msaada wa Denmark. Kazi ya vituo hivyo ni kupima watoto na kuwaelekeza, na mara nyingi humwelekeza mtoto kwa huduma ambayo haipo. Kisheria mlango uko wazi. Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hiyo kaunti inaweza kuanza na watoto wa miaka 4 na 5 bila kumwomba mtu ruhusa. Kuhusu gredi za juu, kifungu cha 187 kinaruhusu ngazi mbili za serikali kupeana majukumu kwa makubaliano.

Marekani ilifika huko kwa amri ya sheria: kwa sheria ya 1975, shule za umma zinalazimika kumpa mtoto mwenye ulemavu huduma anazohitaji ili asome, na tiba ya usemi ni mojawapo. Hata huko wataalamu hulalamikia wingi wa watoto. Kenya haihitaji kungoja utajiri wa Marekani ili iajiri mtu mmoja Ahero.

Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hupaswa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katika mchakato huo wananchi huitwa kutoa maoni. Wazazi na walimu wakuu wa wadi ya Ahero wakienda na ombi moja lililoandikwa, lenye majina ya shule, idadi ya watoto ambao walimu wenyewe wamewatambua na nafasi ya kazi inayotakiwa, maafisa wa afya na wa elimu watalazimika kujibu wakiwa wameketi meza moja.