Maji ya Mvua Ndani ya Gari: Tafuta Yalikoingilia



Mvua za kwetu Shinyanga na Geita huanza kama Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Kabla ya hapo tunakaa miezi mingi ya jua kali na vumbi, na vitu hivyo viwili huharibu gari polepole bila mtu kuona. Jua hukausha raba za milango mpaka zinapasuka. Vumbi, pamoja na majani ya mwarobaini au mwembe tunapoegesha kivulini, huziba vitundu vya kutolea maji. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, asubuhi unakuta kapeti ya gari imelowa, na baada ya siku mbili harufu ya uvundo inaanza. Wengi wetu hununua manukato ya kuning'iniza kwenye kioo, safari ikaendelea.

Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba homa ni dalili, na kuishusha tu bila kutafuta chanzo ni kujidanganya. Ndivyo ilivyo kwa kapeti iliyolowa.

HATARI KWA FAMILIA

Gari ni chumba kidogo kilichofungwa. Chini ya kapeti yake kuna sponji nene inayoshika maji kwa siku nyingi hata juu pakionekana pakavu. Kitu kilicholowa kisipokaushwa ndani ya siku moja au mbili, kuvu huanza kuota. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, likaeleza kwamba wanaokaa humo hupata zaidi kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Mapafu ya mtoto hayajui tofauti ya chumba cha nyumba na chumba cha gari.

Mama mmoja alikuwa akimleta mtoto wake mwenye pumu kliniki karibu kila wiki mvua zilipokolea. Nyumbani palikuwa pakavu, wala hapakuwa na moshi wa kuni. Tulipouliza mtoto hubanwa saa ngapi, jibu likawa: akifika shuleni. Alikuwa akipelekwa na gari la baba yake, akikaa kiti cha nyuma, na kapeti chini ya miguu yake ilikuwa chepechepe. Fundi aliyefunga spika mpya mlangoni aliitoa nailoni ya ndani na hakuirudisha. Nailoni ilipowekwa, na kapeti ikang'olewa na kukaushwa, zile safari za kila wiki zilikoma. Dawa yake anaendelea nayo kama daktari alivyoagiza.

Hatari ya pili ni vioo kujaa ukungu asubuhi, dereva asione mtu anayevuka. Ya tatu ni nyaya zinazopita chini ya kapeti. Zikishika kutu, taa na vifaa vingine hugoma bila sababu kujulikana. Na kwa wenzangu ambao waume au vijana wao hufanya kazi kwenye makarasha ya dhahabu, tope la viatu vyao linaweza kuwa na zebaki. Kapeti ya gari la namna hiyo ioshwe kwa glavu, na watoto wasichezee maji yake.

KWANZA, HAKIKISHA NI MVUA

Angalia maji yenyewe. Yakiwa safi, hayana harufu, na yanatokea miguuni mwa abiria wa mbele hata siku ya jua kali wakati umewasha kiyoyozi, basi mpira mdogo unaotoa maji ya kiyoyozi nje umeziba. Yakiwa na utelezi, rangi ya kijani au nyekundu na harufu tamutamu, hayo ni maji ya rejeta. Ni sumu; mtoto asiyaguse, na gari liende gereji. Yakitokea baada ya mvua au baada ya kuosha gari tu, endelea kusoma.

NAMNA YA KUPIMA

Kumbuka jambo moja: mahali maji yanapotuama si lazima pawe mahali yalipoingia. Maji hufuata mteremko na hutambaa juu ya nyaya. Ukiegesha gari likiwa limeinamisha pua, maji yaliyoingia nyuma yatakuja mbele.

Toa mikeka yote, kausha ndani kwa kitambaa, kisha nyunyiza unga kidogo au poda ya mtoto kwenye vyuma na plastiki unapopashuku. Tone likipita litaacha njia yake. Mtu mmoja akae ndani na tochi, milango imefungwa. Mwingine amwage maji taratibu kwa mpira au kopo, akianzia chini na kupanda juu, kama dakika tano hadi kumi kila mahali. Ukianza na paa maji yatateremka kila upande na hutajua lipi ni lipi. Usitumie mashine ya kuoshea magari. Nguvu yake hupenyeza maji hata pasipo na tatizo.

Raba za milango zina kipimo chao. Weka ukanda wa karatasi mlangoni, funga, halafu vuta. Ikitoka bila kushikwa, raba hapo imechoka.

MAHALI PA KUCHUNGUZA

1. Chini ya vaipa. Hapo kuna mfereji wenye vitundu pembeni. Majani yakiziba, maji hujaa na kuingia kwenye njia ya hewa ya feni, ukayakuta miguuni mwa abiria wa mbele. Ondoa majani kwa mkono, kisha mwaga kikombe cha maji uone kama yanatoka chini.

2. Milango. Watu wengi hawajui kwamba maji huingia ndani ya bati la mlango kila mvua inyeshapo. Yamewekewa vitundu chini ili yatoke. Tope likiviziba, zibua kwa kijiti. Kinachozuia maji hayo yasiingie kwa abiria ni ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya pambo la mlango. Kila fundi anapofungua mlango kwa ajili ya kioo, kitasa au spika, simama uone nailoni ikirudishwa na kubandikwa pande zote.

3. Kioo cha mbele. Mawe ya barabara za changarawe huvunja vioo vingi huku kwetu. Kioo kipya kikibandikwa juu ya kutu au vumbi, gundi haishiki. Dalili yake ni matone pembeni mwa dashibodi au kwenye nguzo za kioo.

4. Paa. Angalia mahali pa antena, misumari ya keria, na dirisha la paa kama lipo. Hilo lina mirija kwenye pembe. Izibue kwa waya laini wa plastiki, si kwa upepo wa kujazia tairi, maana mirija huchomoka.

5. Buti. Inua tairi la akiba. Maji yakiwa hapo, shuku raba za taa za nyuma na raba ya mlango wa buti.

Unapoziba palipo na bati, usitumie silikoni inayonuka kama siki, kwani huleta kutu. Omba ile inayofaa kwa magari, na ukaushe kabisa mahali hapo kwanza.

BAADA YA KUZIBA

Chomoa betri, fungua kapeti na uinue sponji. Nyaya zenye soketi za njano zisiguswe. Ni za mifuko ya hewa, mwachie fundi. Kamua sponji na uianike juani mpaka ikauke hadi katikati. Sponji iliyooza itupwe. Kuvu kwenye vyuma na plastiki isuguliwe kwa maji na sabuni, ukiwa umevaa glavu na umefunika pua na mdomo, na mwenye pumu akae mbali. Rudisha kapeti baada ya mvua nyingine moja kupita na sakafu ikabaki kavu.

Kazi hii ifanyike Oktoba, vumbi likiwa bado lipo na mawingu yanaanza kukusanyika. Sehemu kubwa yake haihitaji fedha, ila watu wawili, tochi na ndoo ya maji. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ufa unapitia kwenye kifua cha mtoto.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.