Wimbo wa chumbani: kwa nini unapoteza nguvu ukifika kwenye radio?

Tangu Januari 2025 benki zilipofunga milango Goma na uwanja wa ndege ukasimama, kulipa fundi wa nje kwa kumaliza wimbo kumekuwa kugumu. Vijana wengi wanajitengenezea. Ordinatere, mikro, kaske na godoro ukutani: studio ni hiyo. Lakini wimbo ukipita FM, mwimbaji anazama na besi inapotea. Msanii analaumu radio. Mara nyingi shida iko ndani ya faili.

Kazi ni mbili. Miksaji ni kupanga sauti, gitaa na ngoma, kila kimoja kipate nafasi yake. Masteringi ni kumalizia wimbo mzima kabla ya kuutoa. Miksaji ikiwa mbaya, masteringi haiwezi kuiponya.

Kosa la kwanza ni kusukuma ukubwa wa sauti. Watu wanafikiri wimbo wenye kelele njo unashinda. Hesabu inakataa. Spotify na YouTube zinashusha nyimbo kubwa karibu na kipimo cha hasi 14 LUFS. Wimbo ulioletwa kwa hasi 8 unashushwa desibeli 6. Unalingana na wengine, ila ngoma zake zimekwisha kupondwa. Na radio nyingi zina chombo kinachobana sauti mara tena kabla ya kurusha.

Kosa la pili ni kuamini kaske peke yake. Gitaa iliyotandazwa kushoto na kulia inapendeza pale. Radio ya bafle moja inajumlisha pande zote mbili, na mawimbi yanayopingana yanafutana. Mama anayesikiliza sokoni hana kaske.

Dawa haiombi dola. Kwenye miksaji, kilele kibaki karibu na hasi 6. Mwisho wa masteringi, kisipite hasi 1. Wimbo usikilizwe kwa mono, kwa sauti ya chini, kisha kwenye telefone ya kawaida. Ukilinganishwa na wimbo mwingine, ukubwa usawazishwe kwanza, juu sikio linapenda kinacholia zaidi. Radio itumiwe WAV ao MP3 ya 320, kama dokima.

Hii si mambo ya mafundi tu. Kule intaneti inakatika kila siku, watu wanabaki na radio. Msanii akiimba juu ya vita ao bei ya unga na maneno hayasikike, ni kama hakuimba.