Kwani Ni Lazima Wafe? Kuitetea Futuhi Mbele ya Wahakiki Wetu

Imekuwa kama kanuni katika uhakiki wetu kwamba kazi inayochekesha haina budi kuomba radhi. Anayeshughulikia tanzia haulizwi sababu. Anayeshughulikia futuhi ya mapenzi huulizwa dhamira iko wapi, itikadi ni ipi, na jamii itafaidikaje. Na iwapo futuhi yenyewe ni ya michoro, tena wapendanao ni wanaume wawili, basi hukumu hutolewa kabla ya kitabu kufunguliwa. Makala hii inanuia kuipinga kanuni hiyo kwa kutumia kazi niliyoisoma kwa furaha tupu, furaha ambayo siioni kuwa udhaifu wa kiuhakiki.

Kazi yenyewe ni Kinō Nani Tabeta?, yaani Jana Ulikula Nini?, ya mwandishi wa Kijapani Yoshinaga Fumi. Ni mfululizo wa manga (si ile Manga ya pilipili, hizi ni hadithi za michoro za Kijapani) ulioanza kutolewa mwaka wa 2007 katika jarida la Morning, ambalo hulenga wanaume watu wazima. Shiro, mwenye umri wa miaka 43 mfululizo unapoanza, ni wakili bahili apikaye chakula cha jioni na kuhesabu kila yeni aliyoitumia dukani. Kazini hakuna ajuaye kwamba anaishi na mwanamume. Kenji, mwenzake, hutengeneza nywele katika saluni, na hawezi kufunga mdomo. Mgogoro wa kwanza baina yao unatokana na hilo: Kenji amemsimulia mteja habari za Shiro, Shiro amekasirika, naye Kenji anataka kujua kwa nini bosi wake amzungumzie mkewe apendavyo ilhali yeye asithubutu kumtaja mtu anayeishi naye. Ni swali zito. Jibu lake ni mlo.

Wanaodai kwamba hapa hapana usanii na wakisome kisa cha tikitimaji. Shiro analiona tikitimaji zima kuwa ghali, na mama mmoja, Kayoko, analiona kubwa mno. Wanakubaliana kwenda kuligawa nyumbani kwa mama huyo. Wakiwa mle ndani Kayoko anatanabahi kwamba amemwingiza mwanamume asiyemjua, anashikwa na hofu ya kudhulumiwa, na Shiro, katika kujitetea, anaropoka siri anayoilinda ofisini kwa hali na mali. Anachokichelea kuliko vyote ndicho kinachomwokoa. Kayoko naye anakuwa rafiki yake wa kununua mboga kwa shirika. Kinaya cha namna hii kingekuwa katika tamthilia ya jukwaani, tungekiandikia sura nzima.

Hata hivyo, uzito wa futuhi hii hauonekani vyema mpaka irejeshwe katika jadi yake. Hadithi za michoro za Kijapani kuhusu mapenzi baina ya wavulana, ambazo kwa kiasi kikubwa ziliasisiwa na waandishi wa kike kwa ajili ya wasomaji wa kike, zilikulia katika tanzia. Tōma no Shinzō ya Hagio Moto (1974) inaanza kwa mvulana kujiua. Kaze to Ki no Uta ya Takemiya Keiko (1976–1984) inaishia kwa kifo cha Gilbert, kijana mzuri kupindukia. Mandhari ya zote mbili ni shule za bweni za Ulaya, kana kwamba mapenzi hayo yalihitaji umbali na kaburi ndipo yasimulike. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashabiki wa fani hii walijibunia neno la kujidhihaki, yaoi, ufupisho wa maneno yenye maana ya: hakuna kilele, hakuna tamati, hakuna maana. Wahakiki wetu wangelifurahia neno hilo, kwani ndiyo hukumu yao hasa. Tofauti ni kwamba wenyewe walilisema wakicheka.

Sasa tazama afanyacho Yoshinaga. Katika mfululizo wake mna Wataru, ambaye mpenzi wake humsifu mbele ya marafiki kwamba amefanana na Gilbert. Shiro na Kenji wanapokutana naye wanamkuta mtu mwenye ndevu zisizonyolewa, ulimi mkali na deko tele. Msomaji amjuaye Gilbert wa Takemiya hucheka papo hapo, na kicheko chake ni tendo la uhakiki: marehemu amefufuliwa, ana ndevu, na yuajitafutia chakula.

Katika kikao kimoja cha kitaaluma nilimsikia mwenzetu akisema kwamba hadithi za aina hii zingefaa kutafitiwa lau mmoja wa wapenzi angekufa. Hakuwa akitania. Ajabu ni kwamba kifo kimo. Marafiki wawili wa Shiro, nao wapenzi, wanamwendea kama wakili: mmoja anataka kumwasili mwenziwe awe mwanawe kisheria, kwa kuwa ndoa haiwezekani, naye hataki wazazi wake wairithi hata yeni moja ya mali yake. Isitoshe, baada ya Kenji kualikwa kwa wazazi wa Shiro wakati wa Mwaka Mpya, Shiro anaelezwa kwamba hawataweza kumpokea tena. Si kwa chuki, bali mama amezidiwa. Shiro anaamua kwamba Mwaka Mpya ataukaribisha na Kenji. Hakuna anayejinyonga. Kuna chungu mekoni, na umri unasonga: Shiro anavuka 50 mbele ya macho yetu. Kusema kwamba kazi kama hii haina dhamira ni kukiri kwamba dhamira tunaitambua tu inapopigiwa mbiu.

Sisi tumezoea majeneza. Rosa katika Rosa Mistika (1971) anajiua, Kazimoto katika Kichwamaji (1974) anajiua, Tumaini katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ananyongwa. Sina ugomvi na Kezilahabi. Ugomvi wangu ni na mazoea tuliyojijengea kwake, ya kuupima uzito wa kazi kwa mazishi yake. Wala mazoea hayo si ya wahakiki peke yao. Mwaka wa 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wapendanao jijini Nairobi, ilipigwa marufuku na bodi ya kuainisha filamu, na mwongozaji alieleza kwamba alitakiwa kuubadilisha mwisho wake kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Ikiwa ndivyo, basi kosa halikuwa wasichana kupendana tu, bali pia kupendana bila kuadhibiwa. Msomi anayedai kifo na mdhibiti anayedai majuto wameketi benchi moja, ingawa mmoja wao hujiita mwanamaendeleo.

Huulizwa pia kama kazi hii ingewezekana kwa Kiswahili. Wanaouliza huwaza maadili. Mimi huwaza lugha. Kiambishi chetu a- hakibagui mke na mume, na ushairi wetu wa mapenzi umejaa mahabubu wasiotambulishwa jinsia. Shiro wa Kiswahili angesema ofisini, "Mwenzangu hapendi chumvi nyingi," na hakuna ambaye angegeuza shingo. Nusu ya hila zake zingekuwa kazi bure. Mtafsiri atakayejaribu itambidi aiondoe siri hiyo katika sentensi na kuihamishia kwenye kikapu cha sokoni, kwenye idadi ya sahani, kwenye miswaki miwili ndani ya bilauri moja.