Muuza Kompyuta wa Kuaminiwa

Sisi wa kidato cha nne twakaribia mtihani wetu wa mwisho, na wengi wetu tumekwisha kuahidiwa na wazazi kwamba tukifaulu tutanunuliwa kompyuta mpakato. Ahadi hiyo ni njema. Walakini fedha yenyewe ni ya kahawa au mahindi ya mwaka mzima, nayo hutolewa mara moja tu, mara nyingi na mzazi ambaye hajapata hata kuigusa kompyuta. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu hili niseme niliyo nayo moyoni juu ya maduka haya.

Hapa Songea watu hubishana sana. Wengine husema usinunue mjini kwetu, agiza Kariakoo, maana huko bei ni nafuu. Wengine hutazama ukubwa wa duka, vioo vyake na taa zake. Mimi sikubaliani nao wote. Siku ya kununua kila muuzaji ni mpole, hata soda atakupa. Duka lipimwe kwa jinsi linavyompokea mtu aliyerudi na mashine mbovu. Na huyo wa Kariakoo, mashine ikizima baada ya mwezi, utamrudiaje? Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900, na nauli ya kwenda na kurudi itakula ule unafuu wote uliojisifia.

Mwaka jana baba alimnunulia dada yangu kompyuta iliyotumika, kwa shilingi laki nne na nusu, ili aende nayo chuoni. Haikupita wiki tatu ikaanza kuzima yenyewe kila alipofanya kazi nzito. Baba akairudisha dukani. Kijana aliyekuwapo hakuifungua. Aliigeuzageuza tu akasema, "Hii mmeiangusha," kisha akataka laki mbili za kubadili bodi. Baba alirudi nyumbani kimya, na siku mbili hakusema neno juu ya jambo hilo. Jirani ndiye aliyemwelekeza kwa fundi mmoja mwenye kibanda kidogo, meza moja na kiti kimoja. Fundi yule aliifungua mbele yao, akasoma maandishi ya chini ya mashine, akasoma na ya kwenye chaja. Akasema, "Mzee, mashine hii nzima. Inataka chaja ya wati 65, nanyi mmepewa ya wati 45, na betri nayo imechoka, haiwezi kuisaidia. Nendeni kwanza mkaidai chaja yake kule mliponunua. Wakikataa ndipo mje nitawauzia." Kule walikataa. Baba akanunua chaja kwa fundi kwa shilingi elfu thelathini na tano, na dada anaitumia mashine ile mpaka leo.

Yafaa tulitazame neno lile la fundi. Chaja alikuwa nayo, na wateja walikuwa wamekwisha kukaa mbele yake, lakini aliwaambia waende kwanza kwingine. Mtu wa namna hiyo ndiye nitakayempelekea mashine yangu, hata kama kibanda chake kinavuja.

Najua wenzangu watasema kwamba mwenye elimu hadanganyiki. Nasikia sana bwenini majivuno ya "Core i5". Jina hilo peke yake si kitu. Core i5-3320M ni ya kizazi cha tatu, ilitoka mwaka 2012. Core i5-8250U ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2017. Katika mashine hizo tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo ituambiayo kizazi. Tofauti hiyo ni kubwa sasa, maana tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 kwa jumla yataka Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Muuzaji mwema atakueleza haya kabla hujauliza. Mwingine atakufutia vumbi tu na kukusifia rangi. Lakini mzazi wangu hawezi kukariri vizazi vya Intel, wala sioni haki alazimishwe. Yeye amepanda kahawa vizuri. Amwachie muuza kompyuta kuijua kompyuta, na amdai ukweli.

Kuna na ile karatasi ibandikwayo ukutani, "Mali ikiuzwa hairudishwi." Mimi nikiiona hutoka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yamkataza muuzaji kumdanganya mnunuzi, na risiti ya mashine ni haki yetu na wajibu wetu kuidai. Mnong'ono wa "bila risiti nitakupunguzia" humwacha mtu bila ushahidi wowote siku ya ugomvi.

Haki pia itendeke kwa wauzaji. Wako wateja humwaga chai juu ya kibodi, kisha huapa kwamba mashine ilizima usiku yenyewe. Wengine hubana bei mpaka muuzaji hapati hata ya pango, kisha hutaka waranti ya mwaka mzima. Duka likifa kwa sababu hiyo, hasara ni yetu sote.

Naleta ombi moja kwa walimu na wazazi. Klabu yetu ya kompyuta iweke daftari maktabani, na kila atakayenunua au kutengeneza mashine mjini aandike humo: duka gani, kazi gani, alilipa kiasi gani, na aliporudi na tatizo alipokewaje. Siku ya wazazi daftari hilo liwekwe mezani pale mlangoni, karibu na kitabu cha wageni. Dada yangu amekubali kuandika ukurasa wa kwanza.