Safari ya Bara Hindi Ianzie Mtaa wa Biashara

Wanafunzi wangu kadhaa wanapanga kuzuru Delhi, Agra, Jaipur na Varanasi wakati wa Diwali. Nauunga mkono mpango wao. Ila waitazame kalenda mapema: sikukuu hiyo hufuata mwezi mwandamo, ikaangukia Oktoba au Novemba, na akataye tikiti kwa kukisia huenda akakuta taa zimekwisha kuzimwa.

Aidha, waanze hapa Nairobi, kwa miguu. Kutoka chuoni hadi Mtaa wa Biashara, uliokuwa ukiitwa Bazaar Street, si mbali. Msikiti wa Khoja, uliofunguliwa 1922, u papo hapo mjini. Usiku wa Diwali wapande matatu hadi Parklands na Westlands. Vibarua wapatao 32,000, wengi wao Wapunjabi, waliletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901. Takriban 2,500 walifariki. Wafanyabiashara wa Kigujarati nao wakafuata njia hiyo. Gari, bima na laki twayatamka kila siku (chapati sisemi!) bila kukumbuka yalikotoka.

Mnamo 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Lakini, walimu wenzangu, ni wangapi kati yetu waliowahi kubisha mlango wa jirani huyo siku ya sikukuu yake, wakamwuliza babu yake alishuka melini mwaka gani? Ashindwaye kuliuliza swali hilo Parklands, kwa Kiswahili, ataliuliza vipi Varanasi?